Njia ya Baiskeli Iliyopita Shambani kwa Mama Felista

Mwaka wangu wa pili katika kazi ya kuongoza wageni kwa baiskeli, nilipaka rangi nyekundu mawe arobaini na moja, kuanzia pale magari yanapogeuzia kijijini hadi ukingoni, bila kumuuliza mtu hata mmoja. Nimeanza na kosa hilo makusudi. Sitaki mfike katikati ya maandishi haya mkidhani nawaelekeza kwa sababu nilikuwa hodari.

Nawaandikia nyinyi wanane mnaoshika kazi msimu huu. Najua mnaniita mstaafu, tena mnacheka, kwa kuwa nina miaka thelathini na mbili, na mstaafu mnayemjua nyinyi ni mwalimu mwenye fimbo na redio. Kwa kweli aliyestaafu ni goti langu la kulia. Mimi nimelifuata tu. Miaka tisa ya kupanda na kushuka imelimaliza, na daktari wa mjini aliniambia nichague kati ya baiskeli na kutembea. Nimechagua kutembea. Lakini kabla sijawaachia pampu na viraka, yapo mambo ambayo niliyajua kwa kuyaharibu kwanza.

Ukurasa huu nimeuandika mara sita. Huu ni wa saba, na bado naona kasoro. Mtanivumilia. Ndivyo nilivyo, na sehemu kubwa ya habari hii imetokana na kuwa hivyo.

Wageni watawauliza mko wapi hasa. Jizoezeni kujibu kwa maneno machache. Tuko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, saa moja na nusu kwa gari kutoka Sumbawanga mjini kama mvua haijaharibu barabara. Upande wa mashariki nchi inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu, na chini kabisa liko bonde la Ziwa Rukwa, na barabara inayoteremka kwenda Ilemba. Tuna vitu vitatu vya kuonyesha: ukingo wenyewe, maporomoko ya mto mdogo, na malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu ambamo mababu zetu waliyeyusha chuma. Cha nne ni upepo, na huo mgeni ataujua bila kuonyeshwa.

Watawauliza pia habari za uchawi. Hilo halikwepeki. Kuna kijana mmoja kutoka Dar es Salaam aliniuliza katikati ya mwinuko mkali, akihema, kama ni kweli huku watu wanasafiri kwa ungo. Nikamwambia, "Kaka, ningekuwa na ungo ningekuwa nasukuma baiskeli hapa?" Alicheka hadi akaanguka kwenye majani. Jibu hilo nawaachia, litumieni.

Kazi yenyewe nilijifunza peke yangu. Kijijini hakuwepo mtu aliyewahi kuongoza wageni kwa baiskeli. Waliokuwepo ni wasafiri wa mbali ambao mara moja moja walitokea Kasanga, wameshuka bandarini na baiskeli zao zenye mizigo pande zote, wakauliza njia ya kwenda Sumbawanga. Mmoja wao alilala kwetu siku mbili kwa sababu cheni ilikatika. Nilimpeleka ukingoni. Alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hakuna anayewaleta watu mahali hapa. Nikaamua jibu liwe mimi.

Upande wa ufundi nilikuwa na Mzee Kizito, fundi baiskeli wa pale senta, ambaye hakukubali wala kukataa kunifundisha. Aliniacha nikae. Nikikaza nati, yeye anailegeza. "Umeikaza mpaka inalia," anasema. Nikiilegeza, anaitazama tu. Siku moja aliniambia: "Baiskeli haitaki mtu mwenye haraka wala mtu mwenye wasiwasi. Wewe Mungu amekupa vyote viwili."

Alisema kweli. Kabla ya kila safari nilikagua breki mara tatu, halafu nikitoka hatua mia narudi kukagua ya nne. Nilitaka kujua urefu wa njia kwa uhakika, na kwa kuwa sikuwa na kifaa, nilifunga kitambaa cheupe kwenye spoku moja nikahesabu mizunguko ya gurudumu kutoka senta hadi ukingoni. Nilianza upya mara nne. Mara ya tatu nilikuwa nimefika mbali sana, nikakutana na mzee anatoka kisimani. "Habari za utokako?" Nikamjibu, maana huwezi kumpita mzee kama gunia. Akauliza za nyumbani, za mama, za ng'ombe ambaye hatunaye tena. Hesabu ikapotea yote. Naungama kwamba nilimkasirikia mzee wa watu kwa kunisalimia.

Sasa chukueni haya, yaliyonigharimu tyubu na ngozi ya viwiko.

Katika miezi ya baridi, upepo wa asubuhi unatoka upande wa ukingo. Anzeni safari kwa kuukabili, wageni wakiwa na nguvu, ili uwasukume mkirudi. Mimi mwaka wa kwanza nilifanya kinyume, na nilirudi na mama mmoja wa makamo aliyekuwa analia waziwazi.

Mkiteremka barabara ya Ilemba, msishike breki mfululizo. Rimu inapata moto na tyubu inapasuka. Achia, shika, achia. Kwenye kila kona kubwa simameni, guseni rimu kwa kidole kilicholowa mate. Mate yakitoa mlio, kaeni hapo mpaka ipoe, wageni wapige picha.

Nyasi za porini zikishachomwa, mabua yanayobaki ni misumari. Baada ya mavuno, mabua ya mahindi vilevile. Msimu huo bebeni viraka mara mbili ya mnavyodhani vinatosha.

Ng'ombe wakivuka njia, piteni nyuma yao, si mbele. Na mkimkuta mtu mzima amekaa au anafanya kazi kando ya njia, shukeni. Msipige kengele na kusema shikamoo mkiwa juu ya kiti, miguu inazunguka. Shukeni.

Nirudi kwenye mawe.

Mwaka ule nilipata kundi langu la kwanza la maana, walimu sita kutoka Mbeya waliopenda baiskeli, ambao wangekuja wiki ya Pasaka. Nilikuwa na miezi minne ya kujiandaa, na mtu kama mimi akipewa miezi minne anaitumia yote. Niliichora njia upya mara nyingi nisizoweza kuzitaja bila aibu. Mwishowe nikaona ramani haitoshi, njia yenyewe iwe na alama, ili hata mgeni akibaki nyuma asipotee. Nikanunua mjini kopo la rangi nyekundu, kwa kuwa nyekundu haifanani na kitu chochote shambani. Nikakata namba kwenye karatasi ngumu ya boksi, nikizilinganisha kwa rula, ili niziweke juu ya jiwe na kupaka ndani yake. Mwezi wa pili, siku mbili mfululizo, mvua ikipumzika, nikapaka mawe moja hadi arobaini na moja.

Namba zilipendeza. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kama ningeandika kwa mkono, kila mtu angesema ni Deo huyo, mtoto wa Theresia, na angeniuliza nafanya nini. Lakini namba zile zilinyooka, zilifanana ukubwa, hazikuwa na tone lililochuruzika. Zilionekana kama kazi ya watu waliotumwa. Na nyinyi mnajua mtu wa kijijini akiona namba nyekundu kwenye jiwe la mpakani anafikiria nini. Ama barabara inakuja, ama hifadhi inapanuliwa, na vyovyote vile kuna mtu ataambiwa ahame.

Jiwe la ishirini na tisa lilikuwa pembe ya juu ya shamba la Mama Felista. La thelathini lilikuwa pembe ya chini. Kati yao palikuwa na kijia cha mkato kilichopita kwenye nyasi zake, na mimi nilikipenda kwa sababu ukitokea juu yake unaliona ziwa kabla hujaambiwa.

Mama Felista ni mjane, wakati ule akiishi na wajukuu wawili. Shamba lile lilikuwa limepumzika miaka kadhaa, limeota nyasi zinazofika kifuani, na mwaka ule ilikuwa zamu yake kulimwa tena. Hapa kwetu nyasi kama hizo hazichomwi. Zinazikwa. Unazikata, unazikusanya, unageuzia udongo juu yake hadi unapata kichuguu cha duara kinachofika gotini, ndiyo intumba. Nyasi zinaoza humo ndani, na mvua za mwaka unaofuata unavunja intumba, unatawanya udongo ule mweusi na kupanda ulezi. Wataalamu wa kilimo huja kuuliza mbolea yetu iko wapi. Iko humo. Ila ina wakati wake. Lazima uzipige intumba mvua zikiwa bado zipo, ardhi ikiwa laini. Mvua ikikata, ardhi ya juu kule inakuwa kama sakafu, na mwaka unaofuata huna ulezi.

Mama Felista alikuwa amepiga safu mbili alipoyaona mawe. Akaweka jembe chini. Nani atavunja mgongo wake kwenye shamba lililokwisha kuandikwa namba?

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Alisema yeye hana taarifa yoyote, na kule kata alikouliza hawana taarifa pia, jambo ambalo liliwatisha watu zaidi. Akauliza kama kuna anayejua lolote.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mikono mfukoni, kwa sababu rangi ilikuwa bado kwenye kucha.

"Hii ni serikali," mtu mmoja akasema. "Tazameni namba zilivyonyooka. Hakuna mtu wa hapa anayeandika hivyo."

"Labda walimu wa shule."

"Walimu? Umewahi kuuona mwandiko wa ubaoni?"

Watu wakacheka. Nami naungama kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: katikati ya hofu ile yote, nilifurahi kusifiwa namba zangu.

Sikusema kitu. Nilijiambia nitasema kesho, nitakapokuwa nimepanga maneno vizuri. Niliyapanga. Niliyaandika kwenye daftari, nikayafuta, nikayaandika tena. Nilitaka kukiri kosa bila kuonekana mkosaji, na maneno ya namna hiyo hayapatikani. Wiki tatu zikapita. Kila nilipopanda kwenda kukagua njia nilipita kwenye shamba lile na kuziona nyasi zimesimama, safu mbili za intumba pembeni zikianza kuota magugu. Nilikuwa naangalia kwingine.

Aliyenifungua mdomo ni Mzee Kizito. Tulikuwa tunaziba pancha. Hakuinua macho.

"Deo, lile kopo la rangi uliloshuka nalo kwenye basi lilikuwa la kupaka nini?"

"Fremu, mzee."

"Fremu ipi?"

Nikaendelea kusugua tyubu kwa msasa. Akapaka solesheni, akaipuliza, akabandika kiraka, akakigandamiza kwa kidole gumba muda mrefu kuliko kawaida.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mwezi wa tatu unaisha. Yule mama hajapiga hata robo."

"Najua."

"Kama unajua, umekaa hapa unafanya nini?"

Nilikwenda kwa Mama Felista kwa miguu. Nilimkuta nje ya jiko lake anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona kwa miguu? Baiskeli imekufa?"

"Ipo, mama. Nimekuja kwa ajili ya yale mawe."

"Mawe ya serikali."

"Si ya serikali. Nilipaka mimi. Ni njia ya wageni wangu wa baiskeli. Hakuna anayechukua shamba lako."

Ungo wa maharage ukasimama. "Wewe? Mtoto wa Theresia?"

"Ndiyo mama."

"Kwenye mkutano ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma."

Alinitazama kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Nilikuwa na hotuba yangu yote kichwani, ile niliyoiandika mara nyingi, na sikukumbuka hata sentensi moja.

"Wiki tatu nimekaa naangalia nyasi zangu," akasema. "Kumbe nilikuwa nakusubiri wewe upate sauti."

"Nisamehe, mama. Nitazipiga mimi."

"Utapiga intumba wewe? Kwa mikono hiyo ya kushika bisibisi?" Akarudia kupepeta. "Uje kesho alfajiri. Jembe la mpini mrefu. Na kabla hujaja kwangu, kawaambie wenzangu, maana si mimi peke yangu niliyeacha kulima."

Jioni ile nilikwenda kwa mwenyekiti, na Jumapili nikasimama nje ya kanisa baada ya misa nikasema mbele ya watu wote. Nilitegemea matusi. Badala yake mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo serikali ni huyu?" Kikalipuka kicheko ambacho nakisikia mpaka leo. Tangu siku hiyo jina langu kijijini ni Serikali. Nikiingia dukani: "Serikali imefika, pisheni." Matusi yangepita upesi zaidi. Waliokuwa na mashamba mengine kando ya njia walikuwa wamepoteza siku chache tu, nao wengine walilima kwa ubishi bila kujali mawe. Aliyeniamini sana ni Mama Felista. Aliamini namba.

Siku ya kwanza shambani nilidhani nitaonyesha bidii. Nilipiga intumba yangu ya kwanza kwa uangalifu wote, nikaizungushia udongo, nikaisawazisha, nikaipigapiga kwa mgongo wa jembe hadi ikang'aa. Mama Felista akaja akaisimamia.

"Umemzika nani hapa?"

"Mama?"

"Hili ni kaburi. Nyasi utazibana hivyo zitaozaje? Zinataka hewa, zinataka maji yaingie." Akaivunja kwa mateke mawili. "Tena. Usiipendeze."

Usiipendeze. Mjue nilivyoteseka. Jinsi ya kupiga ni hivi, na mjifunze, kwa sababu wageni wataomba kujaribu: unakata nyasi kwa kuzunguka, mizizi ikiwa juu, unazigeuzia katikati, kisha unavuta udongo kutoka pande zote na kufunika bila kushindilia. Udongo uanguke wenyewe. Ukiona nyasi moja mbili zimechungulia, acha zichungulie. Safu ya pili isikae sawa na ya kwanza, ikae kwenye nafasi iliyoachwa, ili maji ya mvua yasipate njia ya kukimbilia. Alipoona nimeanza kuelewa aliacha kunisimamia, akashika jembe lake na kunipita. Yeye alikuwa na miaka sitini na kitu, na kila nilipoinua kichwa alikuwa mbele yangu intumba tatu.

Tulikwenda hivyo alfajiri hadi jua kali, kila siku. Viganja vilipasuka, vikafunga, vikapasuka tena. Mvua zikaanza kuachana. Mama Felista alikuwa na tabia ya kuchoma udongo kwa kidole cha shahada kila asubuhi kabla ya kuanza, na mimi nikawa namtazama usoni badala ya kutazama udongo. Kidole kikiingia hadi pingili ya pili, anatikisa kichwa kukubali. Siku moja kiliishia pingili ya kwanza.

"Imebaki wiki," akasema. "Labda siku kumi, kama Mungu atatupa manyunyu."

Wiki hiyo ndiyo walimu wa Mbeya walikuwa wanafika.

Sitawaficha, nilitaka kwenda. Nilikaa kwenye mwisho wa safu nikafikiria namna ya kumwomba siku mbili tu. Miezi minne ya maandalizi, kundi langu la kwanza, na kama wakiondoka na sifa mbaya asingekuja mwingine. Mama Felista alijua, kwa sababu kijiji kizima kilijua. Hakusema niende, hakusema nibaki. Alikuwa anapiga intumba. Nikashuka senta, nikamkuta Mzee Kizito.

"Mzee, nakuomba unisaidie kuwaongoza wageni."

"Mimi? Njia yako ina namba, mimi namba sizijui."

"Namba nimekwisha kuzikwangua. Ramani hii hapa."

Aliishika ramani, akaigeuza juu chini, akanirudishia. "Hii itanichanganya. Kwenye malungu najua kufika, ukingoni najua kufika. Wewe nenda ukalime."

Basi Jumamosi baada ya Pasaka walimu sita walipita chini ya shamba, Mzee Kizito mbele yao na baiskeli yake nyeusi isiyo na gia, koti limefungwa kwenye karia. Niliwaona wakishuka kila nyumba. Nyumba ya kwanza wakashuka, ya pili wakashuka, ya tatu wakaletewa viti. Nilikuwa nahesabu muda kichwani na nilitaka kupiga kelele. Jioni mzee akarudi peke yake kuniarifu.

"Wameona malungu?" nikamuuliza.

"Mawili."

"Yako manne, mzee. Maporomoko?"

"Tumeyasikia."

"Ukingo?"

"Kesho."

"Sasa muda wote mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunasalimia watu. Kwani haraka ya nini? Ukingo unaondoka?"

Sikulala vizuri. Lakini Jumapili mchana walimu wenyewe walikuja shambani, kwa sababu waliambiwa njiani kwamba Serikali analima. Walitaka kumwona. Mwalimu mmoja, mama mcheshi aitwaye Tulizo, akanipa mkono, akaona viganja vyangu, akaurudisha wake taratibu.

"Kaka, njia yako ni nzuri sana," akasema. "Sijawahi kukaribishwa nyumba nyingi kwa siku moja kama jana."

Haikuwa njia yangu. Nilimwambia hivyo. Kisha akauliza vichuguu hivi ni vya nini, na Mama Felista, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa amesema zaidi ya maneno ishirini kwa siku, alieleza kwa nusu saa. Alivunja intumba moja kuwaonyesha nyasi zilivyoanza kuwa nyeusi ndani. Wakaomba kujaribu. Mwalimu mmoja wa kiume alipiga yake, akasimama kando akijivuna.

"Mama, unaionaje?"

"Huyu naye amezika," akasema Mama Felista. "Vunja."

Walipiga intumba kama kumi na tano kabla hawajaondoka, nyingi mbaya, na tulizirudia zote walipokwisha kwenda.

Tulilima siku nane zaidi. Siku ya tisa kidole hakikuingia kabisa, na jembe lilipogonga lilitoa sauti ya bati. Mama Felista akalisimamisha lake, akaangalia upande uliobaki. Ilikuwa theluthi nzima ya shamba.

"Hapo pamekwisha," akasema.

"Naweza kujaribu kumwagia maji, mama. Nibebe madumu..."

"Deo, pamekwisha."

Nilijaribu hivyo hivyo, asubuhi iliyofuata, nikavunja mpini. Nilitaka mwisho wa habari hii uwe kwamba tulimaliza. Nimekaa miaka mingi nikitaka hivyo. Hatukumaliza. Mwaka uliofuata Mama Felista alivuna ulezi pungufu, na msimu wa njaa ulipofika aliuona upungufu huo jikoni kwake, na mimi niliuona pia kwa sababu nilikuwa napita. Nilimpelekea ulezi kutoka ghala la mama yangu, akapokea, akasema asante, na sote wawili tulijua kwamba hayo hayalingani na shamba lililolimwa kwa wakati.

Katika mvua za msimu huo huo wa njaa, mwezi wa pili, kabla hajaniita, nilikwenda na jembe jipya tukaanza na ile theluthi. Safari hii tulimaliza, tena kukiwa bado kuna mvua. Tulipofika safu ya mwisho, iliyokatiza kile kijia cha mkato nilichokipenda, niliuliza kama tukiruke. Aliniangalia akaniuliza wageni wangu wanashindwa nini kuzunguka. Nikapiga intumba juu ya njia yangu mwenyewe, na sikuisawazisha.

Msidhani nawaambia kazi safi ni mbaya. Kagueni breki. Ila kagueni mara moja, kisha ondokeni. Na mkiharibu, kwa maana mtaharibu, kasemeni siku hiyo hiyo, kwa maneno yoyote yatakayokuja mdomoni, hata yakiwa mabovu. Mnayemkosea hahitaji hotuba. Anahitaji kujua kama ashike jembe.

Siku hizi njia yetu haina alama na haina ramani ya kuchapishwa. Kila mwezi wa tano, intumba zikishapigwa, waongozaji wanatembea kwa miguu na wenye mashamba kuanzia senta hadi ukingoni, na pale mwenye shamba anaposema pitia hapa, ndipo njia inapopita mpaka mvua nyingine. Imehama mara saba tangu mwaka ule. Wageni wanashuka kila nyumba, na safari iliyokuwa ya siku moja sasa ni ya siku mbili. Mama Felista analima shamba lake lote, na Jumamosi anawafundisha wageni kupiga intumba.